Mbele jekundu, nyuma jeusi: tathmini ya tanuri la gesi la mtungi linalotengenezwa Tabora

Chukua kipande cha springi ya gari chenye urefu wa sentimita 35, kiingize chote kwenye tanuri hili, fungua gesi hadi psi 7 (karibu nusu bar) na usubiri robo saa. Ukikitoa gizani utaona rangi nne kwenye chuma kimoja: mdomoni wekundu uliofifia, chini ya bomba la kwanza la moto njano, katikati rangi ya chungwa, na sentimita 10 za nyuma wekundu mzito unaokaribia weusi. Anayefua patasi au ncha ya mtarimbo hatalalamika, maana anahitaji kipande kifupi tu kiive. Anayefua kisu au panga na kutaka makali yakazwe kwa joto moja ana kazi mbele yake. Upande uliozidi joto chembe za chuma zinakua na makali yanakatika kama kigae, upande uliopungukiwa tupa inauma kama kawaida, na ubapa mzima unapinda ukizamishwa kwenye oili.

Linalozungumziwa hapa ni lile tanuri la mtungi wa gesi uliokatwa ambalo mafundi wa kuchomelea wa Tabora mjini hulitengeneza kwa oda, na ambalo wahunzi wa Kigoma huletewa kwa treni ya reli ya kati au kwa basi. Yapo ya aina mbili. La mtungi wa kilo 6 lina bomba moja la moto, la mtungi wa kilo 15 lina mabomba mawili. Mengi ya yaliyoandikwa hapa yanahusu hilo kubwa, kwa sababu ndilo linalonunuliwa na wanaotaka kufua mapanga, na ndilo lenye matatizo.

Kazi ya chuma ni nzuri, na hilo lisemwe kwanza. Mshono wa kuchomelea ni mfululizo, miguu imesimama sawa, mlango wa mbele una bawaba mbili na kitasa kinachoshikika kwa koleo, na nyuma kuna kitundu cha sentimita 5 kwa 5 cha kupitishia chuma kirefu. Mabomba ya moto yameshikwa na vipande vya bomba pana vyenye bolti tatu kila kimoja, kwa hiyo yanaweza kusogezwa juu, chini na hata kuinamishwa kidogo. Aliyeamua kuweka bolti hizo anastahili pongezi, maana nusu ya marekebisho yanayofuata yasingewezekana bila hizo.

Tatizo lipo kwenye vipimo. Ukisoma umbo la tanuri unaona ramani yake imetoka Marekani, na kule ramani hizo huandikwa kwa gesi ya propeni, kwa tanuri dogo lenye blanketi nene, yaani tandiko la nyuzi za seramiki la kuzuia joto. Huku vitatu hivyo vimebadilika bila mtu kupiga hesabu upya.

Anza na ukubwa wa chumba. Bomba la moto la robo tatu inchi, lile la kuvuta hewa lenyewe bila feni, hutosha chumba cha lita 5.7 hivi, kwa kanuni ambayo wahunzi wa gesi wamekuwa wakiitumia kwa miaka mingi. Mabomba mawili basi yanatosha lita 11 na kidogo. Sasa pima tanuri. Mtungi una kipenyo cha ndani cha sentimita 31. Ndani wameweka tabaka moja tu la blanketi la seramiki la milimita 25, na juu yake lipu ya sentimita moja. Kinachobaki ni duara la sentimita 24, lenye nusu kipenyo cha 12, na urefu wa ndani ni 35. Kwa hiyo 12 × 12 × 3.14 × 35, unapata kama sentimita za ujazo 15,800, yaani lita 15.8. Unapasha chumba cha mabomba matatu kwa mabomba mawili. Hakuna presha itakayolifuta pengo hilo. Moto utaunguza pale unapogusa, na kwingine kote kutakuwa kunasubiri.

Ukiongeza tabaka la pili la blanketi, nusu kipenyo kinashuka hadi 9.5. Piga hesabu ileile: lita 9.9. Mabomba mawili sasa yanatosha na kuzidi. Ganda la nje nalo linaacha kuunguza rangi yake, kwa sababu joto lililokuwa likipotea kupitia tabaka moja linabaki ndani. Kama utafanya rekebisho moja tu kwenye tanuri hili, fanya hili, hata kabla ya kugusa bomba lolote.

Blanketi linaloagizwa liwe la milimita 25, uzito wa kilo 128 kwa mita ya ujazo, la kiwango cha nyuzi joto 1260 za Selsiasi. Tabora au Kigoma si rahisi kulikuta dukani. Huagizwa Dar es Salaam kwa wanaouza vifaa vya matanuri na boila. Banja lipu ya zamani uitoe. Kipenyo cha ndani ya tabaka la kwanza ni sentimita 26, mzingo wake ni 81.6, kata kipande cha sentimita 83 ili kiingie kwa kujibana na kisidondoke kutoka juu. Kiungo cha tabaka la pili kisikae juu ya kiungo cha la kwanza. Vaa barakoa ya vumbi, ile ya chujio na si ya kitambaa, na unyunyizie maji kabla ya kukata: nyuzi zake ni nyembamba mno na zinakaa kwenye mapafu. Kwa sababu hiyohiyo blanketi lisiachwe wazi ndani ya tanuri linalofanya kazi, lazima lipigwe lipu.

Lipu ndiyo sehemu ambayo muuzaji amebana matumizi. Ametumia udongo wa kichuguu. Udongo huo ni mzuri kwa tanuri la matofali na kwa majiko, na kuuchanganya na majivu ya pumba za mpunga si wazo baya kwa tofali la mlangoni, maana majivu hayo yamejaa silika na yanazuia joto. Ila juu ya blanketi laini, chini ya moto wa gesi unaowashwa na kuzimwa mara nne kwa siku, unapasuka na kumenyuka vipande. Kila penye kovu pananyonya joto na chuma kilicho karibu kinabaki nyuma. Ukitumia boraksi kuunganisha vyuma ndiyo kabisa: boraksi ikiyeyuka inakula silika kama chumvi inavyokula bati. Nunua saruji ya tanuri yenye alumina nyingi, ya nyuzi 1500 kwenda juu. Kwa chumba hiki, unene wa sentimita moja unahitaji kilo 5 hadi 6, na sakafuni ongeza ya ziada au lazia kipande bapa cha tofali la moto. Saruji ya ujenzi haifai hata kwa dharura. Inapoteza maji yake yaliyofungwa ndani, inakuwa unga na inaweza kurusha vipande. Ifunike lipu kwa kitambaa kibichi kwa saa 24, iache ikauke siku mbili (Kigoma wakati wa masika ipe nne), halafu washa moto mdogo dakika tano, zima ipoe, rudia hadi mvuke uishe. Lipu yenye unyevu nayo ni chanzo cha joto lisilo sawa ambacho watu hawakifikirii: maji yakiwa bado ndani, upande huo hautapanda rangi hadi yaishe.

Baada ya kuongeza tabaka, rudi kwenye bolti tatu. Mdomo wa bomba la moto usichungulie ndani ya chumba. Uishie ndani ya ukuta, sentimita moja na kidogo kabla ya uso wa lipu. Ukichungulia utakuwa mwekundu, utaliwa na magamba (kutu inayoletwa na moto), na bomba likishapata joto moto utarudi nyuma na kuwaka ndani ya bomba lenyewe, kwa sauti ya kukoroma ambayo ukishaisikia mara moja huisahau. Hilo likitokea funga gesi mara moja, subiri bomba lipoe, usijaribu kulituliza kwa kuongeza presha. Na kitu kingine kuhusu midomo hiyo: wametumia bomba la maji la GI, yaani lililopakwa zinki, hadi mwisho kabisa. Zinki huyeyuka kwa nyuzi 420 na kuchemka kwa 907, na moshi wake mweupe ni sumu. Sehemu ya juu ya bomba, inayokaa baridi, haina neno. Kipande cha mwisho kiwe bomba jeusi au chuma kisichoshika kutu.

Sasa hewa, na hapa ndipo wengi hupotea. Bomba la kuvuta hewa lenyewe halina akili nyingine ila hii: gesi inatoka kwa kasi kwenye kitundu kidogo cha tipu ya mashine ya MIG (ile ya kuchomelea kwa waya), na kasi hiyo inaivuta hewa kupitia mdomo mpana wa redusa, kile kiungo cha bomba chenye upande mpana na upande mwembamba. Ukibadilisha gesi, hesabu ya hewa inabadilika. Ujazo mmoja wa propeni unataka hewa ujazo kama 24 ili uungue wote. Butani inataka 31. Gesi ya majumbani tunayouziwa ni mchanganyiko wa hizo mbili. Ingawa butani ni nzito na inatoka polepole kidogo kwenye kitundu kilekile, bado hewa inayohitajika inazidi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kama gesi yote ingekuwa butani. Juu ya hapo Tabora ipo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe ni nyepesi kuliko ya pwani. Kigoma, kando ya ziwa, ipo chini ya mita 800 na ina nafuu. Kwa hiyo bomba lililochorwa kwa propeni ya tambarare linafika Tabora likiwa na njaa ya hewa.

Njaa hiyo inaonekana. Ulimi wa moto unaotoka mlangoni ukiwa wa njano na mrefu kama mkono hadi kiwiko, gesi yako inaungulia nje, inakopata hewa. Unalipia kupasha baraza. Ndani, kila bomba linakuwa na doa lake la joto na kati yake kuna ukungu. Na mtu akiona hivyo hufanya nini? Anaongeza presha. Ulimi unarefuka zaidi, doa la mbele linazidi kuwa kali, na nyuma kunabaki vilevile. Presha ni kitu cha mwisho kugusa. Moto uliokaa sawa ni wazi ndani ya chumba, unaona ukuta wa nyuma bila ukungu, na mlangoni unatoka ulimi mfupi wa vidole vitatu au vinne. Usiusukume hadi ulimi upotee kabisa: hapo hewa imezidi, chuma kinavaa magamba manene na kaboni ya usoni inaungua, na kisu chembamba hakina kaboni ya kuchezea.

Rekebisho la hewa lina mpangilio. Kwanza fungua kabisa kile kisahani cha kuziba hewa kwenye redusa. Ikiwa bado moto ni mzito, toa tipu na uisage kwa tupa milimita 2 au 3 upande wa mdomo, ili ikae nyuma zaidi ya shingo ya bomba, hewa itaongezeka. Saga kidogo kidogo, maana ukizidisha hakuna kurudi, ila tipu si ghali, nunua tano. Ikiwa bado, badilisha tipu ya waya wa 0.9 uweke ya 0.8. Kumbuka namba ya tipu ni ya waya unaopita, kitundu chenyewe ni kikubwa kidogo kuliko waya, hivyo usitoboe mwenyewe kwa biti ya 0.8 ukidhani umepata kitu kilekile.

Mabomba mawili yakitofautiana, kuna jaribio moja linalomaliza ubishi wote. Zima, acha yapoe, badilishana tipu: ya mbele iende nyuma, ya nyuma ije mbele. Washa tena kwa presha ileile na kipande kilekile cha chuma. Kama doa la joto limehama, tatizo ni tipu. Kama limebaki palepale, tatizo ni bomba au chumba. Watu wamebomoa lipu nzima kwa kosa la tipu yenye uchafu. Kwenye tanuri hili makosa yote mawili yapo. Tipu zimefungwa kwa kutoboa na kuchonga hesi kwa mkono, na toboo la bomba la nyuma limekwenda upande. Chukua kipande cha waya wa 0.8 ulionyooshwa vizuri, kipitishe kwenye tipu, na uangalie kinatokea wapi upande wa pili wa bomba. Kikigusa ukuta, gesi nayo inagusa ukuta. Bomba hilo halivuti hewa ya kutosha na halitavuta hata ukiomba. Ondoa kipande chenye toboo, toboa kingine kwenye mashine ya kutobolea ya kusimama, si kwa drili ya mkononi.

Chumba nacho kina mchango wake kwa bomba la nyuma. Lipo sentimita 8 tu kutoka ukuta wa nyuma, na ukuta huo umezibwa isipokuwa kitundu cha sentimita 5. Wengi hukiziba kitundu hicho kwa kipande cha tofali wakidhani wanahifadhi joto. Moshi wa bomba la nyuma unakosa pa kwenda, unasukuma kurudi juu, bomba linashindwa kuvuta hewa, na ndipo nyuma panakuwa peusi. Fungua kitundu robo tu uone sentimita zile 10 zinavyobadilika rangi ndani ya dakika mbili au tatu. Mlango wa mbele uko kinyume: tundu la sentimita 12 kwa 10 ni kubwa mno kwa ubapa wa kisu, na linamwaga joto nje kama taa. Tengeneza tofali mbili za kusogeza. Zisogeze taratibu huku ukisikiliza. Mngurumo ukibadilika na kuwa mzito umebana kupita kiasi, rudisha upana wa kidole. Sikio hapa lina kazi kuliko jicho.

Kuna hitilafu moja inayojificha kwa sababu inachelewa. Tanuri linaanza vizuri, baada ya robo saa hivi bomba la mbele linaanza kutoa moto wa njano bila mtu kugusa chochote. Moshi wa mlangoni unapanda na kuingia kwenye redusa ya bomba la mbele, na moshi uliokwisha kuungua hauna oksijeni ya kutoa. Kipande cha bati cha upana wa tanuri, kilichosimamishwa kati ya mlango na bomba la mbele, kinatosha. Muuzaji angeweza kukichomelea kwa dakika kumi. Kigoma ongeza bati jingine upande wa ziwa, maana upepo wa mchana unaotoka Tanganyika ukipiga kwenye redusa unafanya moto uyumbe, na Tabora vumbi la kiangazi linaziba tipu. Bati likae mbali na midomo ya hewa, sentimita 30 au zaidi.

Mwelekeo wa mabomba ndio kasoro ambayo mnunuzi hawezi kuirekebisha kikamilifu. Yamesimama wima, katikati ya paa, yakielekea sakafuni. Moto unashuka juu ya chuma moja kwa moja na kukiunguza hapo hapo. Yangewekwa pembeni, yakigusa ukuta kwa mshazari, moto ungezunguka chumba kama maji kwenye ndoo iliyokorogwa na chuma kingepata joto la kuta badala ya kuchomwa na ulimi. Kwa bolti zile tatu unaweza kuinamisha bomba kidogo, na hata kidogo hicho kinasaidia. Elekeza moto pembeni mwa sakafu, kisha weka chuma upande mwingine. Kama hujanunua bado, sema wazi kabla hawajakata matundu: mabomba yakae pembeni, pale penye namba 10 kwenye uso wa saa, si penye namba 12.

Wahunzi wa mkaa watasema hawakuwahi kuhitaji haya yote, na ni kweli. Unyamwezi ulikuwa ukisambaza majembe ya chuma muda mrefu kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912. Kwenye mkaa mvukuto unampa mhunzi kitovu kimoja cha joto na yeye anakipitisha chuma hapo apendavyo. Gesi haifanyi hivyo. Chumba ndicho kinachopasha, na kama kuta hazijaiva sawasawa hakuna ujanja wa mkono. Kwa hiyo lipe tanuri dakika 15 hadi 20 tupu kabla ya kuingiza kazi, hasa baada ya kuongeza lipu nzito.

Kwa kukaza makali kuna njia nyingine inayokwepa kasoro nyingi zilizobaki. Tafuta bomba jeusi la inchi mbili na nusu, au bomba la mraba la milimita 75 lenye ukuta wa 3, urefu wa sentimita 33, lichomelee kifuniko upande wa nyuma, liweke ndani juu ya vipande viwili vya tofali. Kisu kinaingia ndani ya bomba hilo na hakiguswi na ulimi wa moto. Shusha hadi psi 3 au 4 na usiwe na haraka. Kupima, tumia sumaku na chumvi. Chuma kinaacha kushika sumaku kwenye nyuzi 770 hivi. Chumvi ya mezani inayeyuka kwa 801: nyunyiza mstari mwembamba kwenye kipande cha majaribio kutoka ncha hadi shina, na utaona kwa macho wapi inayeyuka kwanza na wapi inachelewa. Springi nyingi za magari zinataka kuzamishwa zikiwa kati ya nyuzi 815 na 845, yaani muda mfupi baada ya chumvi kuyeyuka kote, kwenye oili iliyopashwa hadi 55 au 60, kisha kisu kikauke na kukaa kwenye oveni nyuzi 200 kwa saa mbili, mara mbili. Chumvi ikiyeyuka ncha nzima huku ya shinani bado ni nyeupe, usikaze. Ncha ni nyembamba na hupanda haraka daima, hata kwenye tanuri zuri. Vuta nje kidogo, rudisha, vuta.

Gesi yenyewe inahitaji nidhamu. Tanuri linauzwa na regyuleta ya presha ya juu isiyo na geji, na hilo ni kosa, kwa sababu huwezi kurudia leo ulichopata jana. Nunua yenye geji ya 0 hadi 30 psi. Ile ya jikoni haifai kabisa, inatoa milibar 30 hivi, ambayo haifikii hata nusu psi. Kila bomba kwa psi 10 linakula karibu kilo moja kwa saa, mawili kilo mbili, hivyo mtungi wa kilo 15 ni kazi ya saa saba hivi na si zaidi. Juu ya hapo mtungi mdogo unapoa unapotoa gesi kwa kasi, unaota barafu nje na presha inashuka. Propeni inatangulia kutoka na butani inabaki, kwa hiyo mtungi unaoelekea kuisha unatoa gesi tofauti na uliojaa: tarajia kurekebisha hewa tena. Mtungi uweke kwenye beseni la maji ya kawaida, yasiwe moto. Usiulaze, maana utatoa gesi ikiwa bado kimiminika. Mtungi wa kilo 38, au miwili ya 15 iliyounganishwa na fundi gesi, inapunguza sana shida hii. Viungo vyote vipimwe kwa povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi, na fanya kazi kwenye banda lililo wazi pande mbili: moto wenye njaa ya hewa unatoa monoksidi ya kaboni isiyo na harufu, na gesi ikivuja inashuka kwenye mashimo na kukaa.

La bomba moja, la mtungi wa kilo 6, halihitaji maneno mengi. Chumba chake ni kidogo kiasi kwamba hata kwa tabaka moja la blanketi halijazidi uwezo wa bomba kwa mbali, na ukiongeza la pili linabaki na lita nne hivi na kuiva kwa dakika kumi. Kisu cha buchani, kisu cha kupasulia migebuka na kile cha kurinia asali vyote vinaingia. Panga haliingii. Kwa anayefua visu tu, hili ndilo la kununua, na kubwa aliache.

Anayetaka kubwa aende karakana na mambo manne mkononi kabla ya kutoa malipo ya awali: tabaka mbili za blanketi, mabomba pembeni na si paani, koki ndogo kwa kila bomba ili moja liweze kupunguzwa bila kugusa jingine, na matoboo ya tipu yafanywe kwa mashine ya kusimama. Auone pia mtungi kabla haujakatwa: valvu itolewe kwanza na mtungi ujazwe maji hadi juu, kwa sababu mtungi uliokaa wazi wiki nzima bado una gesi ya kutosha kulipuka mbele ya grenda. Ganda la bomba nene la chuma au tangi la kompresa bovu linafaa vilevile na halina wasiwasi huo. Na ile rangi ya fedha wanayopenda kupaka nje, waambie wasipake. Ukiwasha mara ya kwanza inaungua na kunuka siku nzima.